Mgongo Uliokosekana Mvureni

Asubuhi Mzani ulipotangaza kwamba umeshindwa, wazee wa baraza la Mvureni walifurahi kama wanafunzi waliosikia kuwa msimamizi wa mtihani kaugua. Kwa mwezi mzima chombo hicho, kilicholingana kwa ukubwa na debe la mafuta ya taa na chenye sauti ya karani aliyelelewa vizuri, kilikuwa kimezungushwa nyumba kwa nyumba kikiwauliza watu wazima mambo ambayo hata mshenga huyagusia kwa mbali. Sasa kilikuwa juu ya meza ya baraza, kimya, kana kwamba nacho kinaona haya.

Aliyekileta ni Mkaguzi Atupele Kibona wa Wizara ya Vizazi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kupandia milima na subira ya kuongea na wazee. Alilieleza upya jambo lililomleta, kwa faida ya wale waliokuwa wamesinzia. Mvureni na Kilore ni miji miwili ya ukoo mmoja, iliyokabiliana juu ya kingo mbili za korongo moja, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu huombewa afya upande wa pili. Watu wake hunywa maji yaliyovunwa kwenye ukungu uleule, hula makande yaleyale, na huimba tenzi zilezile kwa kukosea palepale. Hata hivyo, kwa hesabu ya wastani, mwanamke wa Kilore alikuwa akizaa watoto watatu na ushei, na wa Mvureni hakufikisha hata mmoja kamili. Serikali, ambayo katika miaka hiyo ilihesabu watoto kama ile ya zamani ilivyohesabu tembo, ilitaka kujua kwa nini.

"Nimepima elimu ya wanawake," Mzani ulisema, "nayo ni sawa. Nimepima umri wa kuolewa, kipato, ukubwa wa nyumba, umbali wa zahanati, vifo vya watoto wachanga, uzazi wa mpango, na muda ambao waume hukaa mbali na wake zao. Ni sawa, au hutofautiana kwa kiasi kisichoweza kubeba jambo zito kama hili. Nimepima hata kelele za vyura."

"Na vyura wakoje?" aliuliza Mzee Ndekirwa, mtu mkavu ambaye hakuwahi kuonekana akicheka wala akikaribia kucheka.

"Wa Mvureni wana sauti zaidi. Lakini si sababu."

Wazee waligonga meza kwa kuridhika. Ikiwa sababu haipo, basi hakuna wa kulaumiwa, na kikao kingeweza kurudi kwenye ajenda yake ya kudumu, yaani mvua. Ni mwenyekiti pekee ambaye hakuigonga meza. Mwalimu Eliamini Kangero, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Mvureni kwa miaka thelathini na moja na aliyestaafu akiwa bado amenyooka kama rula, alijua kinachofuata baada ya kushindwa. Sheria ilikuwa wazi: korongo moja likiwa na shule mbili, na mojawapo ikikosa watoto, hiyo hufungwa, na watoto wake waliosalia huvushwa kwa kigari cha waya kwenda kwa jirani.

Na jirani huyo alikuwa Zefania Mshighwa. Zefania alikuwa ndugu wa marehemu mke wa Kangero, mwenyekiti wa baraza la Kilore, na babu wa wajukuu kumi na mmoja. Kila mwaka mpya alimpelekea shemeji yake picha yao wote kwenye fremu, na kila mwaka fremu ilikuwa pana zaidi. Kangero alizitundika zote, kwa kuwa ndiyo adabu, katika chumba ambacho hakiingiwi na mtu. Yeye alikuwa na mjukuu mmoja tu, Kajiru, mwenye umri wa miezi minane, na alimpenda kwa kiasi ambacho angeona aibu kukisikia kikisomwa mbele ya watu.

*

Wazee walipotoka kwenda kunyoosha miguu, Mkaguzi Atupele alimwomba mwenyekiti abaki. Alifunga mlango mwenyewe.

Alisema kwamba Wizara ilikuwa na dawa isiyohitaji kujua ugonjwa. Iliitwa Uvuvio. Haikuwa sindano wala kidonge. Ingepitia kwa Mhudumu, ile mashine ya mikono minne iliyokuwa katika kila nyumba ya korongo lile, yenye kupika, kufua, kufagia na kuwakumbusha watu walikoweka miwani. Mhudumu angeanza kubadilisha mambo madogo. Mama angepikiwa chakula alichokipenda alipokuwa mtoto. Ukutani pangepita picha za vichanga, si nyingi. Kichanga cha jirani kikicheka, nyumba nzima ingepungua mvumo kidogo ili kicheko kisikike vizuri. Baada ya miezi sita mwanamke angeamka siku moja na hamu ya mtoto, naye angeapa kwamba imetoka moyoni mwake.

"Naye hataambiwa?" Kangero aliuliza.

"Akiambiwa haifanyi kazi," Mkaguzi alijibu, akiangalia viatu vyake. "Ndiyo maana kanuni humtaka mwenyekiti aridhie kwa niaba ya mji. Ukikataa, sitakulazimisha, Mwalimu. Lakini shule itafungwa Januari."

Mzani uliongeza, kwa upole, kwamba jibu lilitakiwa kufikia adhuhuri ya Ijumaa, kwa sauti inayosikika, nao wenyewe ungeisikia. Kimya kingehesabiwa kuwa ridhaa. Kangero, ambaye katika ualimu wake wote alikichukulia kimya kuwa ushahidi wa kosa, aliuliza ni nani aliyetunga kanuni hiyo. Mzani ulimjibu kuwa ilitungwa na kamati, na kwamba hakuna mjumbe aliyepinga.

*

Jioni hiyo binti yake Nakijwa alirudi kutoka kwenye nyavu za ukungu, Kajiru akiwa mgongoni.

Haikuwa ajabu. Wanawake wa miji yote miwili, mabinti na mabibi hadi umri wa miaka sabini, ndio waliozihudumia nyavu zilizokinga ukungu wa mlimani na kuugeuza maji ya kuuza tambarare. Waume wengi, kama Mbazi mume wa Nakijwa, walikuwa huko chini kwenye mitambo ya jua na kurudi mwisho wa mwezi. Wazee wa kiume walikuwa wamestaafu tangu mgodi wa jasi ulipofungwa, nao walikuwa barazani. Kwa hiyo kazi yote ya nyumbani ilikuwa ya Mhudumu, isipokuwa moja. Sheria ilikataza mashine yoyote kumshika mtoto asiyetimiza miaka miwili, tangu siku ile Mhudumu mmoja wa tambarare alipoambiwa amwanike mtoto juani kidogo, naye akamtundika kwenye kamba, kwa vibanio, kwa unadhifu mkubwa, katikati ya nepi zake. Mtoto hakudhurika, alikutwa akicheka. Bunge halikucheka. Basi tangu hapo mtoto mchanga alikuwa kitu pekee duniani kilichokuwa bado kinahitaji mgongo wa mtu, na Nakijwa alikuwa na mgongo mmoja, ambao alipanda nao ngazi za nyavu kila alfajiri.

Aliketi mezani, akamwamkia baba yake, akaanza kukoroga chai.

"Mama Kajiru," Mhudumu alisema, "hiyo ni chumvi."

Nakijwa aliinywa hivyo hivyo, kwa kuwa alikwisha kuikoroga. Kangero alikohoa. Alizungumza kwanza juu ya hali ya hewa, kisha juu ya Abrahamu na uzao wake, kisha juu ya faida ya mtoto kuwa na ndugu wa kugombana naye ili ajifunze hoja. Binti yake, aliyekuwa amezijua njia za kuzunguka za baba yake tangu utotoni, alimsubiri mwishoni mwa njia.

"Baba, unaniuliza kama nafikiria mtoto mwingine."

"Nazungumza tu kwa jumla."

"Kwa jumla, nafikiria usingizi," alisema, na kabla hajakimaliza kikombe alikuwa ameshalala, kidevu kifuani, mtoto akiwa bado amefungwa mgongoni na akimtazama babu yake juu ya bega la mama kama mtu anayechungulia kutoka dirisha la ghorofani.

Kangero aliwaangalia wote wawili kwa muda mrefu. Ilikuwa rahisi mno. Hakutakiwa kufanya lolote. Angekaa kimya hadi Ijumaa, na binti yake angeanza kupikiwa viazi vya utotoni, na siku moja angekuja kwake uso ukimng'aa kumwambia habari njema. Shule ingebaki. Naye angekuwa na fremu ya kumpelekea Zefania. Nani angedhurika? Je, kumtia mtu hamu ya jambo jema ni dhambi? Yeye mwenyewe aliwatia vizazi viwili vya Mvureni mapenzi ya hesabu za sehemu kwa kutumia fimbo, na leo walimsalimu kwa heshima barabarani.

Lakini fimbo ilionekana. Hilo ndilo lililomkwamisha. Mtoto aliyetandikwa alijua katandikwa, tena na nani, na kwa nini, na angeweza kwenda nyumbani kumchukia mwalimu kwa raha zake. Binti yake angetandikwa kwa kicheko cha mtoto wa jirani, na asijue.

Alijiambia kwamba kabla ya kusema ndiyo au hapana, mtu mwenye akili hutafuta sababu. Huenda Mzani haukutazama vizuri. Nao ulikuwa mgeni.

*

Alhamisi alivuka korongo bila kutoa taarifa. Alivaa koti na tai, akashika fimbo yake ya mpingo, akakaa peke yake ndani ya kigari cha waya, mgongo haugusi kiti.

Jumba la baraza la Kilore lilikuwa limefungwa madirisha yote, ingawa jua lilikuwa kali. Kutoka ndani ilisikika sauti ya ajabu, kama wanaume wengi wanaonung'unika wimbo wenye noti moja. Kangero alibisha hodi. Mnung'uniko ulikatika. Kiti kilianguka. Mtu fulani alinong'ona kwamba waliolala wasisogezwe, na mwingine akamjibu kwa ukali kwamba wa kwake ndiyo kwanza ameamka kwa sababu ya hiyo hodi.

Mlango ulifunguka kwa upana wa pua. Pua ilikuwa ya Zefania.

"Shemeji," ilisema. "Leo tuna kikao cha faragha."

Kangero alijibu kwamba hakuvuka korongo ili azungumze na pua. Zefania alimtaka aape kwanza kwamba hatasema atakachokiona, si kwa mkaguzi wala kwa kile chombo chake. Kangero alimkumbusha kwamba Maandiko yanakataza kuapa, na kwamba neno lake halijawahi kuhitaji msaada. Hatasema. Zefania alimtazama, akapima, akafungua mlango na kuufunga haraka nyuma yake.

Wazee wa Kilore walikuwa kikaoni. Walikuwa wamevaa makoti, na wengine nishani zao za utumishi. Walitembea polepole kuizunguka meza, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mwendo wa mazishi, na kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, aliyefungwa kwa kanga ya mke wake au ya binti yake. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa na wawili, mmoja nyuma na mmoja mbele, kwa ajili ya cheo chake. Hakimu mstaafu alikuwa akitoa hoja kuhusu ukarabati wa kigari cha waya, wakati mjukuu wake akimtafuna sikio. Hakuukatisha mtiririko wa hoja, bali aliinamisha kichwa kidogo ili mtoto alifikie vizuri. Zefania mwenyewe alipogeuka, Kangero aliona kichwa cha kichanga kimelala katikati ya mabega yake, kinywa wazi.

Kangero alitafuta kiti, akaketi.

Zefania alimsimulia kwa sauti ya chini, akiyumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine, maana akisimama tu mtoto huamka. Yalianza mwaka ule kigari cha waya kilipokatika, wanawake wakakwama siku tatu kwenye nyavu za mlima wa pili, na wazee wakaachiwa vichanga waliokuwa zahanati kwa chanjo. Siku ya kwanza wazee walisali. Siku ya pili walifunga kanga. Wanawake waliporudi, wakiwa wamejiandaa kwa msiba, walikuta watoto wamelala. Waliketi tu. Zefania alisema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona mkwewe ameketi bila kushika kitu, na kwamba aliona haya kumtazama. Wazee hawakukubaliana lolote rasmi. Ila kesho yake kila mmoja alikuja barazani na wake.

"Na huyo mkweo?" Kangero aliuliza.

"Mwaka uliofuata akapata mwingine. Hakuna aliyemshauri." Zefania alivuta kanga juu kidogo. "Sisemi ndiyo sababu, shemeji. Pengine ni vyura."

Ilibaki aibu. Katika nchi ile mwanamume mwenye mtoto mgongoni angeimbwa kwa kejeli kwenye harusi hadi kufa kwake. Kwa hiyo walikubaliana kwamba yeyote atakayeuliza wazee wa Kilore hushinda wapi, aambiwe barazani. Mzani ulipouliza, kila mzee alijibu hivyo kwa zamu yake, akimtazama Mkaguzi machoni: barazani, kutoka asubuhi hadi jioni. Na ng'ambo ya pili, Kangero na wenzake waliulizwa swali lilelile wakatoa jibu lilelile, nao walikuwa barazani kweli, wakingoja mvua.

"Kwa hiyo mlikidanganya chombo cha serikali," Kangero alisema kwa ukali.

"Tuko barazani, hatuko? Hakikuuliza tumevaa nini."

Kangero alimwambia kwamba ukweli huo mmoja ungeweza kuinusuru Mvureni na jambo ambalo hakuwa huru kulitaja. Kwa nini wasiutoe wenyewe? Zefania aliacha kuyumba kwa mara ya kwanza.

"Serikali ikijua, itatuletea semina," alisema. "Baada ya semina, sare. Baada ya sare, mgeni rasmi. Na siku mgeni rasmi atakapokuja kuupima mgongo wangu kwa futi, nitamrudishia mama yake huyu mtoto, nami nitaketi. Wote hawa wataketi. Unatujua."

Kangero aliwajua. Angefanya vivyo hivyo.

Wakati huo hakimu mstaafu alihitaji kutoka nje kwa haja isiyoahirishika, naye, bila kuomba ruhusa ya kiti, alimfungua mjukuu wake na kumweka mikononi mwa mgeni. Kangero alimshika kama anavyoshikwa mtihani wa taifa kabla ya lakiri kuvunjwa, mbali na kifua. Mtoto alimkagua, akaona hana kasoro kubwa, akalaza kichwa kwenye tai yake na kusinzia. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Kangero hakusogea hata hakimu aliporudi na kusimama mbele yake akingoja.

*

Ijumaa asubuhi, Nakijwa alipokuwa akijifunga kanga ili aende kwenye nyavu, baba yake alisimama mlangoni na kusema, "Nipe mtoto."

Alimwuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba haumwi, kwamba ampe mtoto, na kwamba kwanza kuna jambo ambalo lazima alisikie. Akamweleza juu ya Uvuvio, akiwa amesimama wima, bila kuruka kitu: viazi, picha, kicheko cha jirani, adhuhuri. Mhudumu, aliyekuwa akikamua nguo, aliacha kukamua kwa adabu.

"Umekaa na jambo hili tangu lini?" Nakijwa aliuliza.

"Tangu juzi."

"Ulitaka kukubali."

Angeweza kusema alikuwa akilitafakari. Kiswahili kina maneno mengi kwa ajili hiyo, na aliyafundisha yote. "Nilitaka," alisema.

Nakijwa alimtazama kwa namna ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuthubutu kumtazama. Kisha akamwambia kwamba hajui kama atazaa mwingine, kwamba huenda asizae kamwe, na kwamba baba yake akimfunga mtoto huyu mgongoni kwa matumaini ya kulipwa mjukuu wa pili, basi naye ni Mhudumu tu aliyevaa tai. Kangero alisema amesikia. Hapo binti yake alimgeuza, akamwinamisha, akamlaza Kajiru mgongoni na kufunga kanga kifuani mwa koti. Alituma habari kazini kuwa leo hatafika. Aliingia chumbani akiwa na viatu, na mlio wa kitanda ulipokoma, hakikusikika kitu kingine.

Mwalimu Kangero alifunga mapazia. Mpango wake ulikuwa mwema: Nakijwa angeamka baada ya saa moja hivi, yeye angemrudishia mtoto, angejinyoosha koti, na kwenda barazani kutamka hapana yake kama mwanamume mwingine yeyote. Lakini Nakijwa hakuamka. Saa nne ilipita, na saa tano. Kangero alizunguka meza. Aligundua kwamba akinung'unika wimbo wenye noti moja mtoto hulala, na akiacha huamka, hivyo alinung'unika.

Robo saa kabla ya adhuhuri hodi ilibishwa. Alifungua mlango kwa upana wa pua.

"Mwalimu, tunakungoja barazani," alisema Mkaguzi Atupele. Alikuwa ameupakata Mzani. "Muda unakwisha."

"Hapana," Kangero alinong'ona.

"Hujambo, Mwenyekiti," Mzani ulisema. "Nimeona midomo yako ikitembea. Tafadhali rudia kwa sauti inayosikika."

"Hapana," alinong'ona kwa nguvu zaidi, mishipa ikimtoka shingoni.

Mzani ulieleza kwa masikitiko kwamba kanuni inataka sauti ya mtu mzima azungumzaye na hadhira, ili kesho pasiwe na utata, na kwamba mnong'ono huingizwa kwenye fungu moja na kimya. Kangero alitazama nyuma. Mlango wa chumba cha binti yake ulikuwa ubao mwembamba. Akipaza sauti hapa, angeulinda moyo wa Nakijwa na kuuvunja usingizi wake, na hakuona kwa nini mwanamke adaiwe kimoja ili alipwe kingine. Angeweza pia kumfungua mtoto, ambaye angelia, na matokeo yangekuwa yaleyale. Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa barabara.

Alichukua fimbo yake ya mpingo, akafungua mlango wote, akatoka.

Mvureni si mji mkubwa, lakini siku hiyo ulikuwa mrefu. Fundi viatu aliacha nyundo hewani. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua ndizi walisahau bei waliyokuwa wakiikataa. Kangero alipita katikati yao akiwa amenyooka, kwa sababu mgongo ukipinda mtoto huteleza, na aliwajibu waliomwamkia kwa kuinua kidole kimoja. Mkaguzi alimfuata nyuma akitembea upesi, macho yake yakiwa kwenye fundo la kanga, na mahali fulani katikati ya njia uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

Wazee wote walikuwa nje ya baraza, kivulini. Waliinuka kwa heshima kabla hawajaona, na walipoona walibaki wamesimama kwa kukosa maelekezo.

Kangero alivuta pumzi na kutamka "Hapana" kwa sauti iliyosikika Kilore.

"Hapana imepokelewa," Mzani ulisema. "Uvuvio hautatumika Mvureni. Shule itafungwa Januari. Nasikitika, Mwalimu." Kajiru alikuwa ameamka, akaanza kulia kwa sauti ambayo ingetosheleza kanuni yoyote. Mzani ulimsikiliza. "Mwenyekiti, hicho kilicho mgongoni ni nini?"

"Ni mjukuu."

"Wazee wa Mvureni hubeba wajukuu? Swali hilo sikuliuliza."

"Wala mimi sijalijibu," alisema Kangero, ambaye neno lake halikuhitaji msaada. Mkaguzi Atupele aliufunika Mzani kwa mtandio wake, akisema kuwa jua ni kali kwa chombo.

Wazee walikuwa bado wamesimama. Mmoja alianza kutafuta utani wa kufaa, akaufikiria, akauacha. Mtoto alilia. Kangero alinung'unika, lakini mbele za watu noti yake ilikataa kutoka sawasawa, na kanga ilianza kulegea upande wa kushoto, na aliufahamu ukweli mchungu kwamba alijua kubebeshwa lakini hakujua kufunga.

Ndipo Mzee Ndekirwa, yule mkavu, ambaye nyumba yake ndiyo pekee katika mji mzima iliyokuwa na watoto watatu, aliacha fimbo yake kwenye kiti na kuja kwa hatua za polepole. Hakumtazama mtu. Alimzunguka mwenyekiti, akamshusha Kajiru kidogo, akaivuta kanga chini ya makalio ya mtoto, akakunja pindo mara mbili na kulichomeka kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake mwenyewe gizani.

"Kafungwa juu mno," alisema. "Anaona kila kitu. Ndiyo maana halali."

Kajiru alinyamaza. Mzee Ndekirwa alirudi kitini kwake, akaketi, akauliza kama kuna mwenye habari yoyote ya mvua.